Kura ngapi, viti vingapi: shajara ya kutengeneza kipimo

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Nataka programu ndogo tu: unaipa jedwali la matokeo ya uchaguzi wa wabunge, safuwima tatu, chama, kura na viti, nayo inakurudishia namba inayosema viti vimekaa mbali kiasi gani na kura. Kilichonisukuma ni ubishi. Watu wawili husoma matokeo yale yale, mmoja akasema wananchi wamesema, mwenzake akasema wananchi wamepunjwa, na wote wawili wanakwenda kulala bila aliyeweka rula mezani.

Rula zipo, tena si moja. Douglas Rae alitoa yake mwaka 1967, Loosemore na Hanby wakatoa yao 1971, na Michael Gallagher wa Trinity College, Dublin, akaja na yake 1991. Naanza na ya Gallagher kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Inakwenda hivi: kwa kila chama, chukua asilimia ya viti, toa asilimia ya kura. Tofauti unayopata izidishe kwa yenyewe. Jumlisha za vyama vyote, gawa kwa 2, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ukipata sifuri, viti vimefuata kura nukta kwa nukta. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bunge linavyoziacha kura nyuma.

Ya Loosemore na Hanby ni nyepesi zaidi. Unajumlisha tofauti zote bila kujali nani kazidi na nani kapungua, unagawa kwa 2, basi. Uzuri wake ni kwamba inasomeka: ukipata 12, asilimia 12 ya viti vimekaliwa na vyama ambavyo kura zao hazikuvifikia. Ya Gallagher haisomeki kirahisi namna hiyo, ila ina akili moja ninayoipenda. Chama kimoja kilichopunjwa pointi 10 kinachangia 100 kwenye jumla. Vyama kumi vilivyopunjwa pointi moja moja vinachangia 10 tu. Pointi moja huku na kule haikwepeki, kwa sababu kiti hakikatwi vipande. Pointi 10 hazipotei kwa bahati mbaya.

Siku ya 2

Majaribio ya kwanza nimeyafanya kwa nchi ambazo jibu lake nalijua kabla, maana programu isiyojua jibu jepesi haitajua gumu. Afrika Kusini 2024: ANC asilimia 40.18 ya kura, viti 159 kati ya 400, yaani asilimia 39.75. DA 21.81 kwa 21.75. MK 14.58 kwa 14.50. Jibu likatoka chini ya 1. Uholanzi 2021, chama cha VVD asilimia 21.87 ya kura kwa viti 34 kati ya 150, jibu likatoka juu ya 1 kidogo. Ndivyo inavyotakiwa: nchi zote mbili hugawa viti kwa mfumo wa uwiano kwa hesabu ya taifa zima, na hakuna kizingiti cha kutisha, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikie ndipo kipate viti.

Nimelala mapema, nikiwa na kiburi.

Siku ya 4

Uturuki, uchaguzi wa 2002. AKP ilipata asilimia 34.3 ya kura na viti 363 kati ya 550. CHP asilimia 19.4, viti 178. Wagombea binafsi wakachukua 9 vilivyobaki. Wengine wote walifungiwa nje na kizingiti cha asilimia 10. Nilitarajia namba kubwa, na kubwa ikaja: 40.2. Nikaiandika kwa wino mwekundu na kumtumia mwenzangu anayefundisha takwimu, nikijisifu kwamba nimepata bingwa wa dunia.

Siku ya 5

Asubuhi nimekuta ujumbe wake wa sauti. “Kaka, hiyo arobaini umeipikia wapi? Mimi napata ishirini na saba.”

Nikampigia. Tumefungua seli moja baada ya nyingine, yeye kwake na mimi kwangu, kama watu wanaohesabu fedha mezani. AKP: viti asilimia 66.0 kutoa kura 34.3, tofauti 31.7, mara yenyewe 1,005. Sawa. CHP: 32.4 kutoa 19.4, mara yenyewe 168. Sawa. Wagombea binafsi, si neno. Kisha akauliza, “Safu yako ya nne imeandikwaje?” Nikamsomea: Wengineo, kura asilimia 45.3, viti 0.

“Huyo Wengineo ni mwenyekiti wa chama gani, kaka?”

Hapo nikaelewa. Jedwali nililolichukua lilikuwa limewakusanya walioshindwa wote kwenye kapu moja, na programu yangu ikalichukulia kapu kama chama. Chama kimoja chenye asilimia 45.3 ya kura na kiti hakuna kinachangia 2,052. Lakini chama hicho hakikuwepo. Kulikuwa na DYP iliyokosa kizingiti kwa chupuchupu, asilimia 9.5, nayo inachangia 91. MHP 8.4, inachangia 70. Kikaja chama cha 7.2, cha 6.2, cha 5.1, na msururu wa wadogo. Ukiwahesabu mmoja mmoja, jumla ya michango yao haifiki 300. Ndiyo maana 40.2 ikashuka hadi 27.0.

Jambo la kuchekesha: kipimo cha Loosemore na Hanby hakikutikisika hata kidogo. Kwa kapu au bila kapu kinasema 45.3, kwa sababu wote waliomo kapuni wamepunjwa, na kujumlisha upungufu kabla au baada ni mamoja. Kwa hiyo rula iliyo rahisi ndiyo inayostahimili data chafu, na hii ninayoisifia tangu siku ya kwanza inadanganyika kwa neno moja, Wengineo. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa juu ya faili.

Dawa niliyoweka: programu ikikuta safu ya Wengineo haitoi namba moja, inatoa mbili. Ya chini inachukulia kwamba kapu limejaa vyama vidogo mno, kila kimoja mchango wake karibu na sifuri. Ya juu inachukulia kwamba ni chama kimoja. Kwa Uturuki zinatoka 24.2 na 40.2, na ukweli, 27.0, umo ndani. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalokuambia kama data yako inafaa. Likiwa pana hivyo, rudi ukatafute majina.

Siku ya 8

Siku mbili zimeliwa na kuandika upya sehemu ya kusoma majedwali. Sina la kusimulia isipokuwa kwamba kuna ofisi inayochapisha matokeo kama picha za karatasi zilizopigwa mhuri juu ya tarakimu. Mhuri umekaa sawasawa juu ya tarakimu ya elfu. Kila ukurasa.

Leo Uingereza 2024. Labour asilimia 33.7 ya kura, viti 411 kati ya 650, sawa na asilimia 63.2. Conservative 23.7 kwa viti 121. Reform UK 14.3 kwa viti 5. Liberal Democrats 12.2 kwa viti 72. Greens wa Uingereza na Wales 6.4 kwa viti 4. Kipimo: 23.6.

Nimeifanya programu ionyeshe mchango wa kila chama, na hapo ndipo namba ilipoanza kuongea. Labour peke yake inabeba 872 kati ya jumla ya takriban 1,117. Reform 183. Greens 33. Liberal Democrats kidogo zaidi ya 1. Yaani chama kilichoshika nafasi ya nne kwa kura kimepata karibu haki yake yote, na kilichoshika nafasi ya tatu, chenye kura nyingi kuliko hicho cha nne, kimeambulia viti vitano. Hapa hakuna kizingiti kilichoandikwa kwenye sheria. Kinachoamua ni mahali wapigakura wanapoishi. Ukiwa wa pili katika majimbo mengi, kura zako zinahesabiwa, zinatangazwa, na hazizai kitu. Ukiwa wa kwanza katika majimbo machache na huna kitu kwingineko, umeshiba.

Siku ya 9

Nilikuwa natafuta kesi ya kale kidogo nikaiweka Lesotho 1993. Chama cha BCP kilipata karibu asilimia 74.7 ya kura na viti vyote 65. Vyote. BNP asilimia 22.6 na hawana hata mmoja wa kusimama bungeni kuuliza swali.

Kipimo: 24.0.

Nimeitazama namba hiyo muda mrefu. Uingereza 23.6, Lesotho 24.0. Kwa kipimo hiki ni mapacha. Lakini upande mmoja, watu watatu katika kila wanne walikitaka chama kilichotawala, na uonevu wake ni kwamba wa nne alinyimwa sauti. Upande wa pili, ni mmoja katika kila watatu aliyekipigia kura chama tawala, ila upinzani umekaa bungeni kwa mamia. Ukiniuliza kipi kibaya zaidi, nitakujibu kulingana na unachoogopa: serikali isiyotakiwa na wengi, au bunge lisilo na mtu wa kupinga. Namba haiulizi. Inapima umbali tu, kama mtu anayekuambia umetembea kilomita 24 bila kusema ulikokuwa unakwenda.

Basi nimeongeza mistari miwili chini ya namba. Wa kwanza: chama chenye viti vingi kuliko vyote kilipata asilimia ngapi ya kura. Wa pili: asilimia ngapi ya wapigakura walichagua chama ambacho hakikupata kiti hata kimoja.

Siku ya 10

Lesotho 1998, kwa sababu sikuweza kuiacha. LCD, iliyomeguka kutoka BCP, ilipata asilimia 60.7 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP ilikuwa na takriban robo ya kura, ikapata kiti kimoja. Kipimo kinafika 32, kikubwa kuliko Uturuki yangu ya 2002.

Kilichofuata hakimo kwenye jedwali. Upinzani ulikataa matokeo, Maseru ikawaka moto, na Septemba mwaka huo majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Walioandamana walikuwa wakidai kura zimeibiwa. Ukikaa na hesabu unaona kwamba mfumo wenyewe, hata ukiendeshwa na malaika, ulikuwa na uwezo wa kugeuza asilimia 60 kuwa asilimia 98. Mtu mwenye karibu asilimia 40 ya nchi nyuma yake, anayehesabu viti vyake kwa kidole kimoja, ni vigumu kumshawishi kwamba hakuna aliyeiba.

Baada ya hapo Lesotho ilibadili mfumo. Kuanzia 2002 ilibaki na majimbo 80, ikaongeza viti 40 vya fidia vinavyogawiwa kwa kuangalia nani kapunjwa majimboni. BNP, ambayo safari hiyo haikushinda jimbo hata moja, iliingia bungeni na wabunge 21.

Siku ya 12

New Zealand ndiyo maabara bora niliyoipata. Nchi ile ile, vyama karibu vile vile, chaguzi mbili zinazofuatana, mfumo umebadilishwa katikati.

Kwanza sababu ya kubadilisha. Mwaka 1978 Labour walipata asilimia 40.4 ya kura na viti 40. National asilimia 39.8 na viti 51, serikali ikawa yao. Mwaka 1981 yakajirudia: Labour asilimia 39.0 ya kura dhidi ya 38.8 za National, lakini National viti 47 dhidi ya 43. Chama cha Social Credit siku hiyo kilikuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura na viti viwili. Kura ya maoni ya 1993 ikaleta mfumo wa mseto, wa viti vya majimbo pamoja na viti vya orodha za vyama, ulioanza kutumika 1996.

Uchaguzi wa mwisho wa mfumo wa zamani, 1993, unatoa 18.2. Wa kwanza wa mfumo mpya, 1996, unatoa 4.4.

Nilitaka kufunga faili hapo, nikakumbuka kuangalia michango. Katika ile 4.4, karibu nusu ya jumla inatoka kwa chama kimoja: Christian Coalition, waliopata asilimia 4.33 ya kura mahali ambapo kizingiti ni 5. Kura zao zote zikaenda na maji. National na Labour wanachangia nane na saba hivi kila mmoja, kwa sababu ndio waliogawana viti vya waliofungiwa nje. Toa kizingiti kile na New Zealand inakaa jirani na Uholanzi. Sisemi kizingiti ni kosa. Bunge la vyama ishirini lina maumivu yake. Nasema tu bei yake sasa inaonekana, na imeandikwa kwa jina la chama.

Siku ya 15

Leo nimekwama kwenye jambo ambalo ningelijua mapema nisingeanza kwa kujiamini vile.

Niliongeza sehemu inayogawa viti upya kwa kanuni mbalimbali, ili niweze kusema: kwa kura hizi hizi, mgawo ungeweza kuwa hivi. Kanuni mbili kubwa ni za kugawanya. Ya Victor D'Hondt, mwanasheria wa Ubelgiji wa karne ya 19, inagawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea, kisha viti vinakwenda kwa majibu makubwa zaidi. Ya André Sainte-Laguë, Mfaransa, ya mwaka 1910, inagawa kwa 1, 3, 5, 7.

Nikatunga mfano: kura 100, viti 5, chama A 47, B 31, C 22. Kwa D'Hondt, A ana 47, kisha 23.5, kisha 15.67, B ana 31, kisha 15.5, C ana 22. Chukua matano makubwa: 47, 31, 23.5, 22, 15.67. A viti 3, B 1, C 1. Angalia jinsi kiti cha mwisho kilivyoponyoka: 15.67 dhidi ya 15.5.

Kwa Sainte-Laguë, A ana 47, kisha 15.67, kisha 9.4, B 31, kisha 10.33, C 22. Matano makubwa: 47, 31, 22, 15.67, 10.33. A viti 2, B 2, C 1.

Sasa ipi ya haki? Gallagher anasema ya kwanza ni 12.1 na ya pili ni 8.2, kwa hiyo Sainte-Laguë ameshinda. Nikaanza kuandika hivyo. Mwenzangu akaniuliza swali la mwalimu: “Na wewe ulimuuliza D'Hondt mwenyewe?”

D'Hondt hapimi kama Gallagher. Yeye anatazama aliyependelewa kuliko wote: gawa asilimia ya viti kwa asilimia ya kura, tafuta kubwa kuliko zote, na ujitahidi iwe ndogo iwezekanavyo. Katika mgawo wa kwanza aliyependelewa zaidi ni A, 60 kwa 47, yaani 1.277. Katika mgawo wa pili ni B, 40 kwa 31, yaani 1.290. Kwa rula yake mwenyewe D'Hondt ndiye mwenye haki!

Na Sainte-Laguë naye ana yake: zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha gawa kwa asilimia ya kura za chama hicho, ndipo ujumlishe. Ukimpima kwa hiyo, mgawo wake unatoa 3.8 na wa D'Hondt 7.7. Kila kanuni ya kugawa imezaliwa na kipimo chake tumboni, na kila mama humsifu mwanawe. Kumbe nilipochagua kipimo siku ya kwanza, “kwa kuwa ndicho kinachotajwa zaidi”, nilikuwa tayari nimechagua upande bila kujua.

Siku ya 16

Sikufanya kazi ya maana. Nimerudisha vipimo vyote vinne, vya Gallagher, Loosemore na Hanby, D'Hondt na Sainte-Laguë, kwenye programu na kuvipanga kando kwa kando. Ukurasa umekuwa mchafu. Heri uchafu huu kuliko ule usafi wa juzi.

Nimeipitisha Uingereza 2024 tena: Gallagher 23.6, Loosemore na Hanby karibu 30, Sainte-Laguë inavuka 45. Hicho cha mwisho kinapiga kelele zaidi kwa sababu kinamhurumia mdogo: pengo la Greens, dogo kwa Gallagher, linakuwa kubwa ukiligawa kwa asilimia 6.4 zao.

Siku ya 19

Malta, 1981. Hii aliniletea mwenzangu, akaniambia nikisie kipimo kabla ya kukokotoa. Majimbo 13, kila moja wabunge 5, wapigakura wanapanga wagombea kwa namba. Vyama viwili tu vyenye maana. Kwenye kura za chaguo la kwanza, Nationalist asilimia 50.9, Labour 49.1.

Nikakisia 3. Nikapata 3.2. Nikasema, nchi imetulia, tuendelee.

“Soma viti,” akasema.

Nationalist 31. Labour 34.

Chama kilichochaguliwa na zaidi ya nusu ya nchi kilikaa upinzani, na kipimo changu kinaiweka Malta hiyo juu ya New Zealand ya 1996 kwa haki. Hakuna kosa la hesabu. Tofauti ni pointi 3.2 kila upande, na pointi 3.2 ni ndogo. Bahati mbaya katikati ya hizo pointi ndipo ulipopita mstari wa nusu. Wamalta hawakuhitaji kipimo kuliona. Mgogoro uliendelea miaka, na hatimaye katiba ikarekebishwa ili chama chenye zaidi ya nusu ya kura kikikosa wingi wa viti kiongezewe. Mwaka 1987 kifungu hicho kikatumika: Nationalist walipata tena asilimia 50.9 na viti 31, wakaongezewa vinne, wakawa 35 kwa 34.

Wanaotumia namba moja kupanga nchi kutoka ya haki hadi ya dhuluma, Malta 1981 inapaswa kuwakosesha usingizi. Mimi ilinikosesha. Nimeongeza mstari wa tatu, na safari hii nimeuweka juu ya namba badala ya chini: je, aliyeongoza kwa kura ndiye aliyeongoza kwa viti? Ndiyo au hapana. Mtu asiyesoma zaidi ya mstari mmoja asome huo.

Siku ya 21

Nimerudi Lesotho, safari hii 2007, na programu imeniangukia usoni.

Chini ya mfumo wa mseto mpigakura alikuwa na karatasi mbili, moja ya jimbo na moja ya orodha ya chama. Vyama vikubwa vikagundua ujanja. LCD haikuweka orodha. Ikawaelekeza watu wake wapigie orodha ya mshirika wake, NIP. ABC ikafanya vivyo hivyo na chama cha wafanyakazi, LWP. Kwa kuwa kwenye karatasi NIP haikuwa na jimbo hata moja, ilionekana imepunjwa vibaya, ikapewa viti 21 vya fidia. LCD wakati huo ilikuwa imeshachukua majimbo 61. LWP nayo ikapewa 10.

Programu inasoma kura za orodha. Kwake LCD ni chama chenye asilimia sifuri ya kura na zaidi ya nusu ya bunge, na NIP ni chama chenye karibu asilimia 52 ya kura kilichotupiwa viti 21. Kipimo kinavuka 45, namba ya kichaa. Nikiunganisha LCD na NIP kuwa kitu kimoja, na ABC na LWP kuwa kitu kimoja, kinashuka chini ya 15. Hiyo inafanana zaidi na kilichotokea: kundi lenye karibu asilimia 52 limekalia kama asilimia 69 ya viti. Fidia iliyowekwa kwa ajili ya waliopunjwa ilikwenda kwa walioshiba.

Lakini nani kanipa mimi ruhusa ya kuwaunganisha? Kwenye daftari la usajili ni vyama vinne. Nikiwaacha wanne nadanganya kwa kufuata karatasi. Nikiwaunganisha naanza kuhukumu nia za watu. Nimechagua kuunganisha, na programu inalazimisha anayeunganisha aandike sababu kwenye sanduku ambalo haliwezi kuachwa tupu. Lesotho wenyewe walilimaliza kwa njia fupi: mwaka 2011 walibadili sheria, kura moja ikawa inahesabika jimboni na kwenye orodha pia.

Siku ya 22

Swali nimelipata leo kutoka kwa rafiki aliyejaribu toleo la mwanzo: mbona programu haiwahesabu waliokaa nyumbani, au waliompigia mgombea wa pili moyoni kwa kuwa wa kwanza hana nafasi? Jibu ni kwamba haiwezi. Maurice Duverger, msomi wa siasa wa Ufaransa, alishaeleza zamani kwamba mfumo una nguvu mbili: ile inayokata kura zikishapigwa, na ile inayompinda mpigakura kabla hajaingia kwenye kibanda. Mimi napima ya kwanza. Mahali ambapo watu wamekata tamaa kabisa na vyama vidogo, kura zao zinakwenda kwa wakubwa, kipimo kinashuka, na nchi inaonekana yenye haki kwa sababu watu wake wamezoea. Nimeliandika kwenye maelezo ya matumizi, aya ya kwanza.

Siku ya 24

Toleo la kwanza limekamilika. Hivi ndivyo linavyotoa Malta, kwa ufupi:

Aliyeongoza kwa kura ndiye aliyeongoza kwa viti: HAPANA.
Chama chenye viti vingi kilipata kura: asilimia 49.1.
Gallagher: 3.2. Loosemore na Hanby: 3.2.
Vyama vilivyounganishwa: hakuna.

Vipimo viwili kutoka sawa si hitilafu. Vyama vikiwa viwili tu hesabu zote mbili huishia mahali pamoja. Niliogopa kwa dakika kumi kabla sijalikumbuka hilo.

Kilichobaki ni nchi zenye duru mbili. Ufaransa wanapiga kura Jumapili moja, wanarudi inayofuata wagombea wakiwa wamepungua, na wengine wamejitoa makusudi ili kumzuia wa tatu. Je, kura ni zipi, za duru ya kwanza au ya pili? Mwenzangu anasema ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mtu anachokitaka. Mimi nasema ya pili ndiyo iliyotoa mbunge. Kwa sasa programu inauliza mtumiaji kabla ya kukokotoa, na tumekubaliana kubishana tena Jumamosi, kila mtu na jedwali lake.